City Lights, San Francisco: duka la vitabu lililonunua nyumba yake

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka asichome bando bure: nyota tano kwa tano, mkifika San Francisco nendeni. Wenye muda tukae tuongee, maana hili duka lina mambo, na mi nimeishi Oakland ng'ambo ya pili muda wa kutosha kuweza kusema kitu zaidi ya "pazuri sana nimepiga picha".

Linaitwa City Lights, lipo 261 Columbus Avenue, mtaa wa North Beach, mpakani kabisa na Chinatown, yaani hatua chache upande huu unasikia watu wanapigizana kelele za Kichina sokoni na hatua chache upande ule unanusa pizza na kahawa za Waitaliano. Nyumba yenyewe ya kale, ilijengwa baada ya lile tetemeko la 1906 lililobomoa mji na moto ukamalizia kilichobaki. Kuna sehemu ya chini ukiingia, kuna chumba cha mashairi juu, na kuna stoo ya chini ya ardhi ambayo nayo ni duka. Makubwa ya kukushtua hamna. Rafu zimepanda hadi darini, vinjia vyembamba mpaka mkikutana wawili mmoja arudi nyuma, na kila unapogeuka kuna kibao kimeandikwa kwa mkono. Kimoja kinakwambia uzime simu uwepo hapa sasa hivi. Kingine kinasema kaa chini usome kitabu.

Hicho cha pili ndo kilinimaliza. Mi nimekulia Dar, na kuna duka moja ndani ya mall, sitalitaja, nilikuwa nimefungua kitabu niko ukurasa wa kwanza tu, mlinzi kaja kasimama nyuma yangu, "Dada, unanunua au unasoma?" Kama vile hivyo vitu viwili ni maadui. Sasa mtu wa malezi hayo umpeleke mahali penye viti, vibao vinamwambia akae, na hakuna hata mmoja anayemfuata nyuma nyuma, lazima atafute kwanza mtego uko wapi. Mtego haupo. Unakaa, unasoma, ukichoka unarudisha kitabu kwenye rafu unaondoka zako na hakuna atakayekununia.

Mwaka jana shangazi yangu alikuja kututembelea kutoka Morogoro. Mwalimu mstaafu, Kiswahili, shairi lina vina na mizani au halijawa shairi, hataki kusikia habari nyingine. Nikampeleka. Kupanda kule juu kwenye mashairi magoti yalilalamika kidogo lakini akafika, na pale dirishani kuna kiti kimeandikwa kuwa ni Kiti cha Mshairi. Akakisimamia pembeni.

"Mwanangu, hiki si kina mwenyewe?"

"Cha mshairi, shangazi. Kaa tu."

"Sasa mimi mshairi?"

"Wanafunzi wako wote wanajua vina na mizani ni nini. Kaa."

Akakaa, mkoba kaukumbatia mapajani kama yuko kwenye daladala la Mbagala, akachungulia dirishani, nje kule nyuma watu wameanika nguo kwenye kamba toka nyumba hadi nyumba, akasema "kumbe na hawa wanaanika", akacheka. Alafu akachukua kijitabu kimoja kidogo cha mraba, akaanza kusoma kwa sauti ya chini huku anahesabu mizani kwa vidole kwenye goti. Haikuwepo mizani. Akaguna. Akaendelea kusoma lakini! Mfanyakazi mmoja kapita na maboksi ya vitabu, kamsalimia, kapita zake. Tulikaa pale hadi njaa ikatutoa, na kile kijitabu alikinunua, eti akakibishie vizuri nyumbani.

Tukashuka chini ya ardhi. Kule ndo kwa mambo ya siasa, historia, sayansi, na majina ya rafu zao si yale ya kawaida, kuna rafu inaitwa Mabara Yaliyoibwa, nyie wenyewe mnajua nani anahusika. Ukutani kuna maandiko, maana kabla duka halijaichukua ile stoo kulikuwa na kikundi cha dini kinakutania humo wakapaka mistari ya Biblia, na wenye duka wakaiacha. Shangazi akavaa miwani, mstari mmoja kautamka palepale, "Mkumbukeni mkewe Lutu", na wa pili, "Mimi ndimi mlango", akaniangalia kuona kama nimeshika. Humo humo zamani ndo lilikuwa linahifadhiwa lile joka la Wachina la gwaride la mwaka mpya. Mpaka leo mi ukiniuliza duka kuwa la mtaa maana yake nini ntakwambia ndo hiyo: joka la jirani linalala kwenye stoo yako na hushangai.

Na tukiwa kwenye habari ya mabara yaliyoibwa. Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, kile kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika ambacho kila mwanaharakati wa huku anacho chumbani, kilitoka 1972, London kwa Bogle-L'Ouverture na Dar es Salaam kwa Tanzania Publishing House, yeye mwenyewe akiwa anafundisha pale Mlimani. Hao Bogle-L'Ouverture wa London nao walikuja kufungua duka la vitabu, na Rodney alipouawa 1980 wakalipa jina lake. Nawaambia vijana wa huku kuwa kitabu kimechapishwa kwetu hawaamini, wanadhani Afrika mashariki tunatoa kahawa na wanariadha tu. TPH duka lake bado lipo Samora Avenue, saivi liko chini ya Mkuki na Nyota, ukiwa mjini Posta hata kwa mguu unafika, sina haja ya kuwaelekeza.

Turudi. City Lights ilianza 1953, jamaa wawili, Peter Martin na Lawrence Ferlinghetti, kila mmoja katoa dola 500. Waliamua kuuza vitabu vya kava laini tu, na hilo leo halina maana yoyote lakini enzi hizo maduka ya vitabu ya heshima yalikuwa yanauza kava ngumu, vya kava laini unavikuta kwenye vibanda vya magazeti na maduka ya dawa kama peremende. Kwa hiyo mtu wa mshahara mdogo alikuwa anapata riwaya za mapenzi na upelelezi kibandani, vitabu vizito hawezi bei. Hawa wakavileta vizito kwa bei ya kibandani na wakawa hawafungi mapema, mpaka usiku wa manane mlango uko wazi. Wabeba mizigo wa bandarini, wanamuziki, walevi, wanafunzi, wote humo. Martin aliuza sehemu yake 1955 akaenda New York, na mwaka huohuo Ferlinghetti akaanza kuchapisha, vijitabu vya mashairi vya mfukoni, ndo kile alichonunua shangazi.

Cha nne kwenye mfululizo, 1956, kilikuwa cha Allen Ginsberg, Howl. Senti 75. Machi 1957 forodha ikakamata nakala 520 zikitoka Uingereza zilikochapwa, wanasema ni matusi. Zilipoachiwa, Juni polisi wawili wa kiraia wakaingia dukani wakanunua nakala kama wateja wengine, risiti na kila kitu, alafu wakarudi kukamata. Nani alikamatwa? Aliyekuwa kaunta. Shig Murao, Mmarekani mwenye asili ya Japani, ambaye akiwa kijana yeye na familia yake walishafungiwa kambini na serikali hiyohiyo wakati wa vita kuu ya pili kwa kosa la kuwa Wajapani. Ferlinghetti alikuwa nje ya mji akajisalimisha baadaye. Hii stori huwa inasimuliwa kama ya mshairi na mchapishaji, mashujaa wa uhuru wa maandishi, sawa sikatai, ila pingu alivaa muuzaji. Na alivyotoka ni kichekesho, sheria ilitaka ithibitishwe kuwa alijua kilichomo ndani, upande wa mashtaka ukashindwa kuthibitisha kuwa amekisoma alichouza, akaachiwa. Ferlinghetti kesi ikaendelea hadi Oktoba, jaji Clayton Horn, mwalimu wa shule ya Jumapili kanisani, watu wote wanajua huyu kwa vyovyote anafunga mtu, akatoa hukumu kuwa kitabu chenye walau chembe ya faida kwa jamii si matusi. Baada ya hapo mauzo yakafumuka. Polisi walifanya kazi ya matangazo ambayo hela ya duka isingeweza.

Kwa shughuli za sanaa za mtaani, hebu tuseme duka linafanya nini hasa, maana hili neno "kitovu cha jamii" kila mtu analitumia siku hizi hadi mwenye saluni. Zamani washairi wasio na anwani walikuwa wanapokelea barua zao hapo, kuna rafu yake kabisa. Jioni za waandishi zipo mpaka leo, nyingi bure, mtu anakuja anasoma kazi yake watu wamesimama kati ya rafu, maswali yanaulizwa, na tangu 2020 nyingine zinarushwa mtandaoni. Wanachapisha vitabu kama kumi na mbili hivi kwa mwaka, na vingi ni vile ambavyo kampuni kubwa haiwezi kuvigusa sababu haviuzi haraka. Kile kichochoro cha pembeni kilikuwa njia ya takataka na malori, Ferlinghetti akausumbua mji mpaka kikapewa jina la mwandishi Jack Kerouac 1988, na 2007 kikatengenezwa kikawa cha waenda kwa miguu, mashairi yamechongwa chini unapokanyaga. Ukutani kuna mchoro mkubwa wa rangi kali, huo ni nakala ya mchoro wa kijiji cha Taniperla kule Chiapas, Mexico, ambao wanajeshi waliuharibu 1998 muda mfupi tu baada ya wanakijiji kuumaliza. Wasanii wakauchora upya sehemu mbalimbali duniani, mmojawapo ni ubavu wa hili duka. Mi hapo ndo nawapa heshima kuliko hata kesi ya Howl.

Alafu kuna suala la nani anachagua vitabu. Paul Yamazaki alianza kazi hapo 1970, akawa mnunuzi wao wa vitabu kwa miongo, na 2023 tuzo za vitabu za taifa la Marekani zikampa heshima kwa kazi hiyo. Mnunuzi wa duka ndo nini? Ndo mtu anayekaa na wachapishaji, wakubwa kwa wadogo, anaamua hiki nachukua nakala mbili, hiki ishirini, hiki hapana. Rafu ya City Lights ina maoni, ukikaa nayo nusu saa unaanza kumjua aliyeipanga, unabishana naye. Mtandao unakuletea kinachofanana na ulichonunua jana, basi, na ukinunua kitabu cha uzazi unaletewa nepi mwaka mzima.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike. Watu huwa wanasema maduka ya aina hii yanadumu kwa mapenzi ya vitabu. Mapenzi yapo kila mahali bwana, hata waliofunga walikuwa nayo. City Lights wamedumu sababu 1999 walinunua nyumba. Walikuwa wapangaji miaka arobaini na kitu, Ferlinghetti na mwenzake Nancy Peters wakabana wakanunua jengo, 2001 mji ukalitangaza kuwa la kihistoria. Huo ni mji ambao kodi ya pango imefukuza wapishi, walimu, wapiga saksafoni na hata makanisa, na wao kila mwenye hela za kompyuta anapopandisha bei ya mtaa wanamuangalia tu dirishani.

Linganisha na Marcus Books. Wazee wawili Weusi, Julian na Raye Richardson, walikuwa na kiwanda cha uchapaji San Francisco, wakawa wanaazimisha marafiki vitabu vyao wenyewe sababu vitabu vya watu Weusi vilikuwa havipatikani, vitabu havirudi (mnajua mambo ya kuazima), 1960 wakafungua duka kabisa, jina la Marcus Garvey. Ndo linatajwa kuwa duka la vitabu kongwe kuliko yote Marekani linalomilikiwa na Weusi. Toni Morrison kapita hapo, Maya Angelou kapita hapo. Duka la San Francisco likaja kukaa mtaa wa Fillmore kwenye nyumba ya rangi ya zambarau ambayo zamani chini yake palikuwa klabu ya jazi, Jimbo's Bop City, usiku wakishamaliza kupiga kwenye kumbi za Wazungu wanamuziki wanakuja kupiga hapo mpaka alfajiri. Mtaa wenyewe serikali ya mji ilishaubomoa kwa jina la maendeleo, familia Nyeusi kwa maelfu zikahamishwa, duka likabaki kama jino moja. Mkopo wa nyumba ukawashinda, nyumba ikauzwa 2013. Watu wakaandamana, wakachanga, mapema 2014 mji ukaitangaza nyumba kuwa ya kihistoria kwa sababu ya duka na ile klabu, na Mei mwaka huohuo duka likatolewa. Yaani kibali cha historia kimepata ukuta, waliotengeneza hiyo historia wako barabarani na maboksi. Ikabaki Oakland, ambako walikuwa na tawi tangu miaka ya 70.

Hapo ndo nikaelewa kuwa kupiga makofi kwenye jioni za mashairi hakulipi pango. Baadae, Novemba 2015, wapiga kura wa San Francisco wakapitisha mfuko wa kusaidia biashara kongwe, zile za miaka thelathini na kuendelea, na kuna ruzuku hadi kwa mwenye nyumba anayekubali kumpa mpangaji mkataba mrefu. Wazo zuri, la busara kabisa, limechelewa kwa watu wa Fillmore mwaka mmoja na nusu tu.

Mtu atasema mbona na City Lights waliyumba. Kweli, Machi 2020 wakafunga milango kwa korona, Aprili wakaomba michango mtandaoni, lengo dola 300,000, na ndani ya siku chache tu zikapita 400,000. Sisi watu wa kamati za harusi tunajua kuchangisha, ila hizo hela kwa siku hizo chache, aisee. Lakini angalia hela ilienda kufanya nini, mishahara ya wafanyakazi na madeni ya wachapishaji. Pango halikuwepo kwenye hesabu. Ferlinghetti alifariki Februari 2021 ana miaka 101, kaacha duka lina watu wake, lina vitabu vyake na lina paa lake, kifo chake hakikutikisa hata rafu.

Wenzangu wa Dar na Nairobi mnaotaka kufungua haya maduka ya vitabu na kahawa, na najua mko wengi, mnanitumia meseji za nembo na rangi za ukuta, mi nawauliza mkataba wa pango ni wa miaka mingapi mnaninunia. Miezi sita kulipa mbele, mwaka ukiisha baba mwenye nyumba kaona watu wanajaa Ijumaa anapandisha. Kama hamuwezi kununua, basi tafuteni chumba ndani ya taasisi, maktaba, kanisa, chuo, shirika, popote ambapo mwenye paa ana sababu ya kuwataka tofauti na kodi.

Kasoro za City Lights zipo. Ngazi, kama mna mzee au mtu wa kiti cha magurudumu jueni ni jengo la enzi hizo, juu na chini ni kwa miguu. Watalii ni wengi mno wikendi, kila mtu anapiga picha ya kile kibao kinachosema weka simu, na hawaoni hata aibu. Bei ni ile iliyopo nyuma ya kava, kava laini jipya linacheza dola 17 hadi 20, mtandaoni utalipata chini ya hapo, ukilipia pale unalipia na kile kiti cha juu na mimi naona ni haki. Na si mgahawa, msije na wazo la kuagiza chai. Mkitaka kinywaji vukeni kichochoro, Vesuvio ipo hapo tangu 1948, ni baa lakini.

Kufika: toka Oakland panda treni ya BART shuka Montgomery, tembea kama dakika ishirini kufuata Columbus, au kama miguu haitaki shuka Powell uunganishe treni ya T ushuke Chinatown-Rose Pak, hapo ni karibu zaidi. Wanafungua saa nne asubuhi hadi saa nne usiku. Jumanne au Jumatano asubuhi ndo kumetulia. Na mkiwa mnarudi Oakland shukeni MacArthur, Marcus Books ipo 3900 Martin Luther King Jr. Way, ni karibu na stesheni, ila pigeni simu kwanza mjue saa zao za siku hiyo. Kama mfukoni una hela ya kitabu kimoja tu, City Lights kaa usome bure kama walivyosema wenyewe, hela itoe Oakland.